Kosa Lenye Nasaba: Kutambua na Kuthamini Sarafu za Uingereza Zilizokosewa

Mwaka 1701 fundi mmoja wa Uingereza aliinamia kipande cha chuma, nyundo mkononi, akagonga jina la mfalme herufi baada ya herufi. Mfalme alikuwa William wa Tatu, na kwa Kilatini cha sarafu jina lake huandikwa GVLIELMVS, maana enzi hizo V ndiyo iliyoshika nafasi ya U. Kila herufi ilikuwa na msumari wake wenye sura ya herufi hiyo kwenye ncha. Inaelekea msumari wa V haukuwa karibu. Fundi akaokota wa A, akaupindua miguu juu, akaendelea na kazi. Ukiipata leo nusu peni iliyotoka kwenye mhuri ule na kuiweka chini ya kioo cha kukuzia, utaona V zake zina kijiti katikati. Ni A zilizosimama kwa kichwa.

Nimeanza na herufi hiyo kwa sababu mzizi wa suala zima uko hapo. Anayeokota sarafu ya kale yenye kitu asichokielewa hujiuliza kwanza: je, hii ni ya ajabu? Swali hilo halimfikishi mbali, maana sarafu iliyokaa karne nzima mikononi mwa watu haikosi la ajabu. Linalofaa ni hili: ilikuwaje? Kosa la kweli lina nasaba. Unaweza kulifuata nyuma hadi kwenye mkono, mashine au uamuzi uliolizaa. Lisilo na nasaba ni jeraha tu, au ni kazi ya mjanja.

Kwa hiyo ni lazima kujua sarafu inavyozaliwa. Kisahani kitupu cha madini huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma, mmoja chini na mwingine juu, na ukingoni huzungukwa na pete inayoyazuia madini yasitambae. Mashine hubana, na pande zote mbili huchapwa kwa pigo moja. Uingereza iliachana kabisa na sarafu za kugongwa kwa nyundo mwaka 1662, na tangu hapo msingi ni kubana kwa mashine. Kosa basi lina milango michache tu ya kuingilia: mhuri wenyewe, namna mihuri miwili ilivyooanishwa, kisahani, au lile pigo. Sarafu ikishatoka kwenye pete, chochote kitakachoipata ni uharibifu, na uharibifu hauna soko.

Mlango wa mhuri ndio wenye hazina kubwa, hasa kwa sarafu za kabla ya karne ya 20. Mwaka 1696 serikali ya Uingereza iliamua kuyeyusha fedha zote za zamani zilizokatwakatwa kingo na kuzichapa upya. Kazi ilikuwa kubwa mno kwa London peke yake, kikafunguliwa kiwanda cha muda katika kila mmoja wa miji ya Bristol, Chester, Exeter, Norwich na York. Isaac Newton alikuwa ameteuliwa mwaka huo huo kuwa msimamizi katika Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha serikali, na mwanafalaki Edmund Halley alipelekwa Chester. Hata vichwa vya namna hiyo havikuweza kuzuia haraka isizae makosa. Sarafu za peni 6 za miaka hiyo zina majina ya mfalme yaliyokosa herufi au kuzidisha, na nyingine zina ngao za falme zilizowekwa mahali pasipo pake.

Mtindo huo haukufa na Newton. Nusu peni ya 1730 ipo iliyoandikwa GEOGIVS, mfalme George akiwa amepoteza R yake. Shilingi ya 1817 ipo yenye GEOE mahali pa GEOR. Mwaka 1878, mashine za mvuke zikiwa zimeshaenea kila kona ya Uingereza, peni 6 za Malkia Victoria zilitoka zikiwa na DRITANNIAR badala ya BRITANNIAR. Uzuri wa makosa haya ni kwamba yanasomeka kwa macho, na kwa kuwa yamo ndani ya mhuri, yanajirudia yale yale kwenye kila sarafu iliyochapwa nao. Ndiyo maana yamo katika orodha za vitabu, na kilichoorodheshwa kina bei inayojulikana.

Hapa kuna mtego. Karne ya 18 Uingereza ilijaa nusu peni za bandia, na baadhi ya watengenezaji walibadilisha maneno kwa makusudi ili wasishtakiwe kwa kuiga fedha ya mfalme. Waliandika GEORGE RULES, wengine hata BONNY GIRL, wakijua kuwa mnunuzi wa mkate hasomi maandishi ya sarafu. Kwa hiyo jina lililopotoka kwenye shaba ya enzi ya George wa Tatu huenda likakupeleka kwa mghushi badala ya fundi wa serikali. Vitu hivyo vina wakusanyaji wake na historia yake nzuri, lakini ni soko jingine.

Tarakimu zilizopandiana ni tawi la mlango huo huo. Chuma cha mhuri kilikuwa ghali, na mhuri uliobaki mwisho wa mwaka ukiwa bado mzima haukutupwa: waligonga tarakimu mpya juu ya ya zamani. Peni ya 1858 yenye 7 chini ya 8, na ya 1865 yenye 3 chini ya 5, zilizaliwa hivyo. Sidhani ni haki kuyaita makosa. Ulikuwa ubanaji matumizi, na kila mtu kiwandani alijua. Lakini wakusanyaji wanayapenda, na bei huufuata moyo wa mnunuzi.

Mzuka wa peni ya mfalme George wa Tano unastahili tuukalie zaidi, kwa sababu unaonyesha jinsi kosa linavyoweza kuishi kiwandani miaka zaidi ya 10 kila mtu akiliona. Peni mpya za mfalme huyo zilianza kutoka mwaka 1911, kichwa chake kikiwa kimechongwa na Bertram Mackennal, mchongaji aliyezaliwa Australia. Kilikuwa kichwa kikubwa na chenye kina. Wakati wa pigo, madini yalikimbilia upande wa kichwa kujaza kina hicho, na upande wa pili, aliko Britannia na mkuki wake wa meno matatu, yakapungua. Matokeo yake ni kwamba kwenye uwanja ulio wazi nyuma ya Britannia kunaonekana kivuli cha kichwa cha mfalme, hafifu, kama uso wa mtu nyuma ya pazia. Chukua peni ya 1913 au 1919 isiyochakaa, iinamishe kidogo dirishani, utamwona.

Mafundi walipambana nalo. Katika 1915 na 1916 walijaribu kuzamisha sikio la mfalme kwenye mhuri, na peni hizo hutambulika kwa sikio lililoingia ndani. Mwaka 1926 wakapunguza kina cha kichwa chote. Mwaka 1928 wakaweka kichwa kidogo zaidi, na mzuka ukatoweka. Sasa angalia bei zinavyojipanga. Mzuka wenyewe hauongezi thamani, kwa kuwa uko kwenye mamilioni ya peni. Kinachotafutwa ni peni ya 1926 yenye kichwa kilichorekebishwa, kwani mwaka huo zilichapwa za aina zote mbili na hiyo ya pili ni adimu. Ufunguo wake ni herufi za mchongaji shingoni: za zamani zina nukta, B.M., na mpya hazina, BM. Nukta mbili zisizozidi ukubwa wa chembe ya mchanga ndizo zinazotenganisha peni ya thamani ya chai na ile inayofikia mamia ya pauni ikiwa katika hali nzuri. Ya 1902 nayo ina jambo la aina hiyo: baadhi ya peni zake zilichapwa kwa mhuri wa nyuma ambao mstari wa bahari unapita chini kuliko kawaida. Hutafutwa, ingawa hazimtajirishi mtu.

Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia wa meli za mizigo, na kati ya vitu alivyotuachia kulikuwa na kopo la sarafu alizorudi nazo kutoka Cardiff na Liverpool. Ndani yake nilikuta peni ya 1882. Mwaka huo mitambo ya Royal Mint ilikuwa ikifanyiwa matengenezo makubwa, na kazi ya peni ikapewa kiwanda cha Heaton cha Birmingham, kilichoweka H ndogo chini ya mwaka. Peni ya 1882 isiyo na H ni adimu kupindukia na huuzwa kwa maelfu ya pauni. Yangu haikuwa na H. Nilikosa usingizi siku mbili.

Nikaipeleka kwa sonara mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, mzee aliyekuwa akimfahamu mjomba. Hakuitazama kutoka juu kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Alizima taa kubwa, akailaza tochi mezani ili mwanga utambae juu ya sarafu kutoka pembeni. "Usiimulike utosini, mwanangu," aliniambia, "ipitie ubavuni." Akaizungusha polepole kwa kucha. Ilipofika robo ya mzunguko, vikajitokeza vijiti viwili vyembamba chini ya tarakimu 8 mbili za katikati, kisha kivuli cha kijiti cha kuviunganisha. H ilikuwepo. Ilikuwa imesuguliwa na vidole vya watu miaka mingi hadi ikazama.

Somo la mwanga wa ubavuni nimelitumia tangu siku hiyo kwa kila sarafu. Herufi iliyochakaa huacha kivuli. Iliyokwanguliwa kwa makusudi huacha mikwaruzo inayokwenda upande mmoja na uwanja uliozama kidogo. Ambayo haikuwepo kamwe huacha uwanja uliotulia, wenye rangi ile ile ya sehemu nyingine. Ipo pia hali ya nne: mhuri kuziba kwa grisi na vumbi la chuma, herufi ikatoka nusu au isitoke kabisa. Hilo ni kosa la kweli, lakini ni la kawaida mno kulipiwa pesa nyingi. Sarafu ya pauni 2 ya mwaka 2005, ya kumbukumbu ya njama ya baruti, ni ndugu wa karibu. Ukingoni huandikwa maneno ya kukumbuka tarehe 5 Novemba, na kwenye baadhi mguu wa R haukushika vizuri, ikasomeka PEMEMBER. Wapo wanaoiuza kwa bei kubwa. Mimi nisingeongeza juu ya thamani yake ila kidogo sana.

Mlango wa pili ni wa mihuri iliyooanishwa vibaya. Waingereza huiita sarafu ya namna hii kwa jina la mnyama aliyezaliwa na punda na farasi, nasi tuna neno zuri tayari: baghala. Upande mmoja una mzazi huyu, upande wa pili una yule. Mwaka 1860, peni zilipotoka kwenye shaba tupu na kuingia kwenye shaba iliyochanganywa na bati, kulikuwa na mihuri yenye ushanga ukingoni na mingine yenye meno, na chache zikachapwa ushanga upande huu, meno upande ule. Ni adimu kweli.

Mabaghala wawili wa karibuni ndio waliotia shauku kwa watu wasiowahi kukusanya sarafu. Wa kwanza ni wa peni 2. Tangu mfumo wa desimali uanze Februari 1971, nyuma ya sarafu hiyo paliandikwa NEW PENCE, na mwaka 1982 maneno yakawa TWO PENCE. Mwaka 1983 mhuri wa zamani ukatumika kwa bahati mbaya kwenye sarafu chache zilizowekwa katika seti za wakusanyaji. Huuzwa kwa mamia ya pauni. Soma mwaka huo tena: 1983. Peni 2 zenye NEW PENCE za 1971 hadi 1981 zipo kwa mabilioni na thamani yake ni peni 2. Kila siku kuna mtu anayeuza ya 1971 mtandaoni kwa bei ya pikipiki, na inaniuma kuona anayenunua ni yule aliyesikia habari nusu.

Wa pili ni wa peni 20. Mwaka 2008 Royal Mint ilileta michoro mipya ya ngao iliyobuniwa na kijana Matthew Dent. Awali mwaka ulikuwa upande wa nyuma, na kwa kuwa ngao ilihitaji nafasi, mwaka ukahamishiwa upande wa malkia. Katika kundi moja la uzalishaji, mhuri mpya wa ngao ukaoanishwa na mhuri wa zamani wa malkia. Mwaka haukuwa huku wala kule. Kwa makadirio ya Royal Mint yenyewe, idadi yake haizidi laki 2 na nusu. Habari ilipotoka mwaka 2009 zilitajwa bei za kushangaza, kisha soko likapoa. Sasa huuzwa kati ya pauni 50 na 100 hivi. Hiyo ndiyo tabia ya baghala wa kisasa: idadi inakadirika, watu wengi wanayo, kwa hiyo bei ina dari.

Mlango wa pigo na kisahani hutoa sarafu za pekee, kila moja na sura yake. Sarafu iliyochapwa nje ya katikati. Iliyokatwa mwezi mwandamo ukingoni kwa sababu kisahani kilitobolewa kikaingilia tundu lililoachwa na kisahani kingine kwenye bamba. Peni 2 iliyochapwa kwenye kisahani cha madini meupe kilichotengwa kwa sarafu nyingine. Iliyo bora kuliko zote machoni pangu ni ile iliyozaliwa pale sarafu ya awali ilipong'ang'ania kwenye mhuri: kisahani kinachofuata hupokea kichwa cha kawaida upande mmoja, na upande wa pili kichwa hicho hicho kikiwa kimezama ndani na kugeuka kama kwenye kioo.

Hizi ndizo zinazoigwa zaidi, na mwigaji hahitaji kiwanda. Anahitaji jiliwa na sarafu mbili. Huzibana pamoja, na moja huacha alama yake iliyozama kwenye nyingine. Lakini jiliwa haliwezi kuficha nyayo zake. Alama mpya hukaa juu ya mchoro wa zamani uliopondeka, na ukingo huvimba. Kosa la kiwandani halina mchoro wa zamani chini yake, maana kisahani kilikuwa kitupu. Sarafu yenye vichwa viwili nayo, karibu kila mara, ni ya wanamazingaombwe: moja imechongwa ndani kwa mashine, nyingine ikapunguzwa na kupachikwa. Tafuta mshono mwembamba kwa ndani ya ukingo, kisha iangushe kwenye meza ya mbao. Sarafu ya kipande kimoja hulia. Iliyounganishwa hutoa sauti butu kama kifuniko cha chupa.

Mizani husema mengi kabla ya kuita mtaalamu. Peni ya shaba ya 1860 hadi 1970 ina takriban gramu 9.4. Peni 20 ina gramu 5. Peni 2 za shaba zina gramu 7.12 na hazishikwi na sumaku, ila tangu 1992 zilianza kutengenezwa kwa chuma kilichopakwa shaba, na hizo hushikwa. Sarafu ya duara ya pauni 1, iliyoondolewa kwenye mzunguko Oktoba 2017, iangalie kwa shaka zaidi: miaka yake ya mwisho takriban 3 katika kila 100 zilikuwa bandia. Ukiona maandishi ya ukingo hayalingani na mchoro wa mwaka wake, jibu la kwanza ni bandia.

Kuna na yanayoitwa makosa nayo ni utaratibu. Sarafu ya pauni 2 huandikwa ukingo kabla ya kuchapwa, na kisahani huingia mashineni upande wowote, hivyo nusu ya sarafu husomeka juu chini. Ya 1997, ambayo malkia amevaa mkufu, ilivumishwa kuwa adimu, na zilichapwa zaidi ya milioni 13. Peni zenye H au KN za 1918 na 1919 zina alama za viwanda vya Birmingham, alama zile zile tulizokuwa tukiziona kwenye senti zetu zenye tundu za Afrika Mashariki ya Waingereza.

Makosa ya uamuzi ni jamii nyingine. Florini ya 1849 iliacha maneno ya "kwa neema ya Mungu", wananchi wakachukia, ikabadilishwa. Peni 6 ya 1887 ilichorwa nyuma ngao inayofanana mno na nusu pauni ya dhahabu, na wajanja wakaanza kuzipaka dhahabu. Iliondolewa haraka, lakini habari zikaenea na watu wakaziweka akiba kama kumbukumbu, ndiyo maana hadi leo ni nyingi na bei yake ni ndogo. Umaarufu uliwahi kabla ya uadimu.

Mtu akinipa sarafu yenye kosa la kweli na kuniuliza bei, mimi hutazama kwanza imeorodheshwa wapi. Kitabu cha Spink hutoka kila mwaka, shaba za kabla ya 1860 zina orodha ya Peck, na za baadaye zina ya Freeman. Kisha hali yake, ambayo huamua kuliko kitu kingine: kosa lile lile kwenye sarafu iliyochakaa na kwenye iliyo safi kama ya juzi linaweza kutofautiana mara 20. Kisha bei zilizolipwa mnadani, si zilizoombwa mtandaoni, maana kuomba hakuna gharama. Toa humo kamisheni ya dalali.

Na isisuguliwe. Limau, majivu, dawa ya meno, vyote huondoa ngozi ya sarafu pamoja na sehemu kubwa ya bei. Kwa watu wetu wa pwani, Unguja hadi Muscat, kuna jambo zaidi: pauni za dhahabu za Uingereza zilizofanywa vidani. Pauni iliyotiwa risasi na kikuku cha kuning'iniza inabaki na thamani ya dhahabu yake, gramu 7.98 za karati 22, lakini hata ikiwa na kosa adimu kuliko yote, mnunuzi wa makosa ataiona ina jeraha. Kabla ya kumpelekea sonara aitie kikuku, itazame mwaka wake na herufi zake.

Peni ya mjomba iko kwenye bahasha ya karatasi ndani ya kabati langu. Juu yake nimeandika kwa penseli: 1882, gramu 9.1, H ipo.